Mama, Kompyuta Yako Imewaka

Shikamoo, Mama.

Nimeandika neno hilo kisha nikatulia, kama vile utaitikia. Bado niko hivyo. Juzi nilitenga chakula nikaweka na sahani yako. Mama mdogo Saida akaiona, akaichukua polepole, akairudisha kabatini.

Nakuandikia kwa sababu kompyuta imewaka, na sijui ni nani mwingine wa kumwambia jambo hilo akalifurahia kama wewe. Na kuna jingine. Nitalifikia.

Asubuhi ile ya mwisho uliiona kutoka upande wako, acha nikuambie ya upande wangu. Nilikuwa Singida mjini, dukani kwa yule dada anayeuza vifaa vya kompyuta. Alikuwa ametuagizia kadi mbili za picha, za kutoa picha kwenye skrini, kutoka Dar, zimekuja na basi, nichague moja. Ndicho kifaa kilichokuwa kimebaki ili tuiunde kompyuta yetu. Nikakupigia ukiwa kibandani kwako barabarani, na asali yako na chupa za mafuta ya alizeti. Nikakusomea maandishi ya boksi la kwanza, kisha la pili. Ukaniuliza ni ipi inayoonyesha vizuri vioo vya pembeni vya lori la mchezoni. Nikacheka. Yule dada naye akacheka, maana alisema hajawahi kuulizwa hivyo na mteja. Halafu ukasema, "Ngoja, Rehema, kuna gari limesimama. Nakuja."

Nikangoja. Simu haikukatika, Mama. Nilisikia breki za lori, nikasikia mlango, nikasikia watu wakiongea kwa haraka, nikadhani umepata wateja wengi. Nikamwambia yule dada, subiri kidogo, Mama anauza. Nikaendelea kuzigeuza zile kadi mkononi. Nilifurahi, unajua? Nilifurahi kwamba biashara imechangamka. Kisha simu ikachukuliwa na jirani yetu Mama Zuhura, akasema, "Rehema, njoo nyumbani." Nikamuuliza Mama yuko wapi. Akarudia yale yale.

Asubuhi tulikuwa tunachagua kadi. Alasiri ulikuwa umezikwa. Watu wananiambia ni presha, ilipanda ghafla, hukuteseka. Nawaitikia. Lakini ndani yangu kuna mtu anauliza, presha gani, mbona alikuwa anacheka? Mama mdogo aliponiuliza kama nitaweza kuingia kukuosha, nikasema ndiyo, nikaingia, nikamwaga maji pale walipoonyesha. Muda wote nilikuwa nangoja useme maji ni ya baridi.

Basi vile vifaa tulivyokwisha kununua vikabaki ndani ya maboksi yake chini ya kitanda changu. Sikutaka kuviona. Nilipofagia nilipitisha ufagio kwa mbali.

Nilikuwa nakumbuka vitu visivyo na mpangilio. Nilikumbuka ulivyoanza. Ulinikuta na ule mchezo wa malori kwenye simu, ukasema mtu mzima mwenye diploma anaendesha katuni. Wiki haijaisha simu ikawa yako. Unakaa kibandani, kidole gumba kinakata kona, mteja anaita mara mbili. Simu ikichemka unaipepea kwa mfuniko wa ndoo. Nikakwambia kwenye kompyuta kubwa mtu anaona kama amekaa ndani ya lori lenyewe, usukani mbele yake. Ukanyamaza, ukafunga chupa zako. Kisha ukasema, "Basi tuiunde."

Hakuna mtu hapa kijijini Ihanja aliyejua tulikuwa tunafanya nini, zaidi ya Baba, na Baba alidhani ni mashine ya kazi yangu ya stesheneri. Kila tulipopata nafasi tulichukua kimoja. Prosesa kwanza, ile akili ya kompyuta. Kisha mazabodi, yaani ubao mama, ule mkubwa ambao vingine vyote vinachomekwa juu yake. Ulipoambiwa jina lake na maana yake ukasema kumbe hata humo ndani hapaendi bila mama. Kwenye kasha la kuvifungia vyote tuligombana kweli. Mimi nilitaka lile la kioo mbele, linalong'aa. Ukaniuliza, hilo la kioo litapumulia wapi, na upepo wa huku unavyobeba vumbi? Ukachagua lenye wavu, baya kama tundu la kuku. Nikanuna. Na pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, ukakataa ile ya bei ya chee, ukasema umeme wetu wenyewe unakatika vya kutosha, tusijiongezee.

Lakini lililonishangaza ni usukani. Duka lilikuwa na ule wenye pedeli mbili, mafuta na breki. Ukautazama chini kwenye picha, ukauliza, "Klachi iko wapi?" Nikasema haihitajiki, gia zinajibadilisha. Ukasema hilo si lori. Ulikataa kabisa, ikabidi tusubiri mpaka ukapatikana wenye pedeli tatu na mkono wa gia. Nilidhani klachi uliisikia kwa madereva wanaonunua asali.

Sasa nafika.

Baba mkubwa alikuja kutuangalia baada ya msiba. Akaona yale maboksi. Nilipomwambia ni kompyuta, na ni ya mchezo, na ilikuwa yako, aliniangalia kama nimekutukana. Akasema niyaondoe, watu watasema nyumba yenye msiba inacheza michezo, na jina la marehemu lisihusishwe na mambo ya watoto. Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Nilikuwa karibu kukubali, Mama, maana mimi mwenyewe sikuweza kuyafungua.

Ndipo likasimama lori nje. Wote tuliruka. Breki zile zile nilizozisikia kwenye simu.

Alishuka mwanaume wa makamo, ameshika mfuko wa sukari na kofia mkononi. Akampa Baba mkubwa shikamoo, akampa Baba, akasema anaitwa Festo. Ni yeye aliyesimama asubuhi ile. Alisema alikuona ukinyanyuka kumfuata, ukaweka mkono kwenye nguzo ya kibanda, ukaketi chini. Ndiye aliyekubeba akakupandisha kwenye lori mpaka zahanati. Alikuwa na mzigo wa kuvuka mpaka, hakuweza kubaki kuzika, na njia nzima, kwenda na kurudi, jambo hilo lilimkaa kifuani. Baba alimshika mkono, hakuuachia.

Kisha Festo akasema, kwa sauti ya mtu anayedhani anasema jambo linalojulikana, kwamba hajawahi kupata mwanafunzi kama wewe.

Baba akauliza, mwanafunzi wa nini?

Mama, jamani. Kwa nini hukuniambia? Alisema ulimuuliza maswali ya gia kila alipopita, mpaka siku moja akiwa hana tela akakupandisha kwenye usukani, pale kwenye uwanja mpana wa maegesho ambapo malori yanalala. Akasema ulivua kandambili, ukazipanga chini kama mtu anayeingia msikitini. Aliongea, nami namwona mtu mwingine kabisa, mtu aliyevaa kanga zako. Tulilala nyumba moja, tulikula pamoja, na ulikuwa umeendesha lori, ukarudi nyumbani ukaniuliza kama nimeweka chumvi kwenye mlenda.

Nilimwogopa Baba. Nilidhani atakasirika kwamba mkewe alipanda gari la mwanaume mwingine bila yeye kujua. Alikuwa anautazama ule mfuko wa sukari.

Akauliza, "Aliendesha vizuri?"

Festo akajibu, "Mara ya kwanza alizima injini, Mzee. Ya pili hakuzima. Ya tatu nilishuka nikamwangalia kutoka chini."

Baba akacheka. Kicheko kikatoka na machozi, kikamshinda, akajifunika uso kwa kofia yake. Sijawahi kumwona Baba akilia, hata siku ya kukuzika alisimama mkavu. Baba mkubwa akamshika bega. Hakuyazungumzia tena yale maboksi.

Kesho yake Baba alivaa shati lake la Idi, akaniambia twende mjini. Yule dada wa duka alituona akainuka kwenye kiti. Alikuwa amezitunza kadi zote mbili; alisema hakujisikia kumuuzia mtu mwingine. Nikamwambia Baba sijui ipi, hukumaliza kuniambia. Baba akauliza uliulizia nini. Nikasema vioo. Basi akaomba zijaribiwe kwa vioo. Yule dada akazichomeka kwa zamu kwenye mashine yake, akafungua mchezo wa malori, na Baba, aliyekuwa hajawahi kuugusa mchezo wowote, akainama mpaka pua ikakaribia skrini akikitazama kioo cha pembeni. Kwa kadi ya kwanza barabara ya nyuma ilikuwa inagandaganda. Kwa ya pili ilikuwa inatiririka. Tukachukua ya pili.

Tulifunga vifaa sebuleni kwenye mkeka. Nilikuwa nimeangalia video nyingi, lakini mikono yangu haikuangalia. Prosesa niliiweka nimezuia pumzi. Ramu, kile kijiubao cha kumbukumbu, ilikataa kuingia mpaka nikaigandamiza kwa nguvu nilizoziogopa. Tukawasha. Feni zikazunguka, taa ndogo ikawaka, skrini ikabaki nyeusi. Nikazima, nikawasha, nyeusi. Nikakaa chini nikalia, Mama, nililia vile ambavyo sikulia msibani, nikasema nimeiua. Baba akakaa tu pembeni yangu. Nilipotulia nikazunguka nyuma, nikaona waya wa skrini nimeuchomeka kwenye mazabodi badala ya kwenye kadi. Kosa la mtu anayeanza. Nikauhamisha.

Ikawaka, Mama.

Sikuweza kukaa kwenye usukani. Nilitaka, nikashindwa. Baba akaniuliza kama kuna ubaya akijaribu yeye. Sasa kila siku akitoka shambani ananawa, anakaa. Anaendesha taratibu mno, anasimama kwenye kila alama, malori mengine yanampigia honi naye anayasamehe kwa sauti. Klachi inamtesa. Jana Baba mkubwa alikuja kumsalimia, akakaa nyuma yake mpaka magharibi akimwambia apunguze mwendo.

Siamini bado. Nikiamka kuna muda mfupi ambao uko hai, kisha nakumbuka, na kila mara ni habari mpya. Wanasema itapungua. Sijui kama nataka ipungue.

Baba ananiita. Amekwama kwenye mlima, lori linarudi nyuma, ameshasahau mguu upi uende wapi. Naenda kukaa karibu naye. Nakuahidi, Mama, mzee huyu sitamwacha akae peke yake sebuleni, wala mezani, hata nikiolewa nitajua namna. Mungu akulaze pema.

Mwanao,
Rehema