Baba, Nilikuua Redioni

Mpendwa Baba,

Ni miezi minne tangu tukuzike kijijini Abuku, na bado nakutana na watu wanaoshangaa kusikia kwamba nilikuwa na baba. Kosa ni langu. Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu ule uongo niliusema mbele ya watu.

Unakumbuka ulivyonifundisha kuimba? Ulirudi kutoka jeshini na goti bovu na Kiswahili cha kambini, ukashika jembe. Nilikuwa na miaka tisa. Nikipalilia muhogo upande huu wa shamba, wewe uko kule mwisho, unaita: "Mimi hapana sikia! Imba mpaka hapa!" Nikipiga kelele, unakasirika. "Kelele iko ya mbuzi. Wewe leta sauti." Ilinichukua miaka kuweza kukufikishia wimbo mzima bila kukaza koo. Hukunisifu. Ulisimamisha jembe tu, ukasikiliza mpaka mwisho, ukaendelea kulima. Nilitembea na furaha hiyo wiki nzima.

Kisha nikaenda mjini Arua. Meneja niliyempata huko alinisikiliza dakika tatu. Wiki tatu zilizofuata zilikuwa za nywele, kucha, miwani na picha. Akanipa jina la jukwaani, Zizi. Studioni walipitisha sauti yangu kwenye kompyuta mpaka ikatoka laini kama ya mtu yeyote. Nilipolalamika, alicheka.

"Dada, sauti iko mingi. Watu nanunua sura na hadithi. Hadithi yako ni nini? Baba mukulima? Hiyo hapana uza."

Akanitungia nyingine: Zizi ni yatima, aliokotwa njiani wakati wa vita. Sitasema nililazimishwa, Baba. Nilitaka kusikika redioni, nikakubali.

Siku ya mahojiano yangu redioni uliwaita majirani chai, ukaweka redio juu ya kiti uani. Mtangazaji akaniuliza kuhusu wazazi. Nikasema, "Baba yangu alikufa kabla sijajua kutembea." Nikalia, kama tulivyofanya mazoezi.

Nilikuja nyumbani siku ya tatu. Mama alinipita mlangoni na ndoo yake ya maji. Wewe ulikuwa barazani unanoa jembe.

"Karibu," ulisema. "Majirani nakuja kunipa pole. Mimi nakufa, na mimi tena napika chai yao."

Nilipiga magoti nikingoja kofi. Ukaniuliza, "Ile redio, nani naimba?"

"Ni mimi, Baba."

"Hapana. Ile iko mashine." Ukajaribu makali ya jembe kwa kidole. "Mimi unaweza kuua, mwanangu. Mimi muzee, nitakufa tu. Sauti usiue."

Nilirudi Arua na maneno hayo. Jumapili mchana ilikuwa uzinduzi wa wimbo, ukumbi umejaa, na kazi yangu ilikuwa kuchezesha midomo tu wimbo ukipigwa. Nilivua miwani, nikamwambia mpiga muziki azime. "Mimi ni Zaituni," nikasema. "Baba yangu yuko hai. Ni mkulima Abuku, na ndiye aliyenifundisha kuimba." Nikaimba bila ala, nikielekeza sauti kwa waliosimama mwisho kabisa. Wengine walizomea. Wengine walitaka wimbo wa pili.

Meneja alinifukuza papo hapo nyuma ya jukwaa. "Kumbe wewe ni mwimbaji tu!" alifoka, kama ananitukana. Nikamshukuru.

Jina la Zizi lilibaki lake. Hazikupita wiki nyingi akamvisha msichana mwingine: nywele zile zile, miwani ile ile, uyatima ule ule. Sina ugomvi na msichana huyo. Nilipofuata vitu vyangu studioni nilimsikia akiimba peke yake mbele ya kioo, na sauti anayo. Laiti wangemwachia.

Wewe ulisamehe kwa miguu yako. Ulikuja mpaka Aroi na goti lile kunisikiliza nikiimba kwenye harusi ya watu, ukakataa kiti cha mbele, ukakaa safu ya mwisho. Mvua zilipoanza ukaugua, nasi tukakuzika.

Matanga hayajaisha, ukaingia simuni ujumbe wa meneja: "Pole sana. Sasa hadithi iko kweli. Rudi, tufanye kazi."

Niliusoma mara mbili. Nilikuwa sijalia vizuri bado, na mtu ameshakiona kifo chako kama bango. Nikamjibu: "Baba yangu alikufa na jina lake, mke wake, watoto wake sita na shamba lake. Hauzwi." Hakuandika tena.

Sasa narekodi mjini Koboko, chumba kimoja, na vijana wawili wa ngoma na mmoja wa adungu, kile kinubi cha kwetu, ambaye hupiga hata kamba ikilegea. Kwenye kava hakuna uso wangu, kuna jina langu lote na lako. Redio mbili zimekataa kupiga nyimbo hizo, eti hazijasafishwa kwa kompyuta. Zisipige. Wiki iliyopita tuliimba sokoni Adumi mchana kweupe, na wauza viazi waliacha wateja wasubiri. Nikiambiwa sina sura ya msanii, nitauliza kama masikio wanayo. Sitabadilisha ngozi, lafudhi wala ukoo ili nipendeze kwenye picha.

Pumzika, Baba. Koo langu ni zima, na nitaimba nalo hapa hapa.

Binti yako uliyemsamehe,
Zaituni