Kiitikio cha Kilingala

Jumanne, Mjimwema

Leo tena hajasema hata neno moja la Kiswahili. Tangu apigwe na kiharusi, mume wangu Baba Asteria amerudi kwenye Kilingala cha kwao Kongo, na mimi Mngoni nitakijulia wapi?

Na nilikiimba miaka yote! Alikuwa anapiga gitaa, anachanganya rumba ya kwao na ngoma yetu ya lizombe, mimi naitikia maneno niliyokariri kama kasuku. Sikuwahi kumuuliza maana yake. Niliona wa kumuuliza yupo, haraka ya nini.

Jioni alinishika mkono akaniuliza kitu. Aliporudia nikayatambua maneno, yamo kwenye ule wimbo wake wa kufungia dansi. Nikafurahi kama mjinga. Nikamwitikia kiitikio chote, kwa sauti ileile ya zamani.

Akanitazama. Machozi yakamtoka, akauachia mkono wangu, akageukia ukutani.

Asteria akauliza, "Mama, umemjibu nini baba?"

Sijui. Jamani, sijui. Ndilo jibu nililokuwa nampa kila Jumamosi, na ukumbi mzima ulikuwa unatupigia makofi.