Mama mkwe na bangi nyeusi

Wafaa, acha unachofanya. Mama mkwe ameng'oa bangi YOTE!

Ile ya mbegu mpya ya chama cha ushirika, yenye leseni, tegemeo letu la mwaka mzima. Baridi imeanza huku milimani, majani yakageuka zambarau, karibu meusi. Mbegu yenyewe ndivyo ilivyo! Lakini yeye kazoea ile yetu ya kijani. Asubuhi kaliona shamba, akapiga yowe: "Tumepigwa jicho la husuda!"

Kang'oa mche baada ya mche, akaificha juu ya paa majirani wasije wakatucheka. Juu ya paa, Wafaa! Pale pale tunapokaushia kila mwaka!

Nimelia mpaka mtoto naye akalia.

Mara akaingia mhandisi wa kilimo wa chama. Mama mkwe akajibana nyuma ya mlango. Yule bwana kaona shamba tupu, akapanda juu ya paa, akabinya ua, likamnata vidoleni, akanusa. "Tamu kama tini zilizoiva! Nilikuja kuwaambia mvune leo, kesho mvua. Nani aliyejua?"

Mlango ukafunguka. Mama mkwe huyo, kilemba kakifunga upya: "Sisi wa zamani, mwanangu, hatuambiwi."

Hatuambiwi!

Mhandisi kamwomba Ijumaa awafundishe wanawake wa kijiji kutambua wakati wa kuvuna. Kakubali!

Sasa hivi kaniletea chai, mnanaa tele, kakaa karibu yangu, mpole kama si yeye: "Binti yangu, wewe si unasoma masomo ya jioni... hivi Ijumaa nikawaambie nini?"