Kikombe cha Dahham

Tel Hamra, ukingoni mwa Furati,
4 Februari.

Mpendwa kaka yangu Jadaan,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye theluji. Hujambo? Kifua kimepona? Sisi tu wazima, ila magoti ya mama yanamsumbua kwa baridi, naye anasema dawa yake ni kukuona wewe.

Barua hii nimempa mke wa dereva wa lori, maana simu siku hizi zina masikio.

Bendera imebadilika tena. Fundi Sabha amechoka kufumua, sasa anashona mpya juu ya ile ya zamani. Wageni wa ng'ambo ya mto, wale uliowafanyia ukalimani, wamefungasha na kuondoka. Mtoto wa ami yetu, Dahham, aliyewachezea ngoma walipoingia, leo ana bunduki ya wakubwa wapya na ndevu za kufanana nao. Hata kinyonga angemwonea haya.

Mwalimu Hazza, aliyefanya kazi kama yako, walimchukua kwa maswali mawili matatu. Mkewe amerudishiwa viatu.

Alhamisi Dahham alikuja na wazee wa ukoo. Baba akammiminia kahawa, naye akakiweka kikombe chini bila kuonja. Unajua maana yake: ana ombi. Baba alifurahi mno kuona baraza limejaa tena, akadhani kaja kumposa mdogo wetu Nuf. Hata hakuuliza.

"Kunywa kahawa yako, mwanangu. Ulichokifuata umeshapewa."

Dahham akanywa yote, ndipo akasema, "Ahsante, ami. Wakubwa wanamtaka Jadaan, mkalimani wa maadui. Akirudi, umkabidhi kwetu kwa mkono wako mwenyewe."

Mimi na mama tulikuwa nyuma ya pazia. Nilimngoja baba atukane, afukuze watu. Alisema tu, "Neno limeshatoka." Kaka, namchukia na namwonea huruma, yote pamoja. Akilirudisha neno hilo, hakuna mtu wa ukoo atakayekunywa tena kwetu, na yeye bila baraza si mtu.

Uliandika kwamba vita vimekwisha na utakuja Idi. Usije. Wakikupigia kwamba mama mgonjwa, usije. Hata akifa, mwombee huko huko.

Nuf na shangazi Fidda wanakusalimu. Mama anakubusu macho. Mungu akufunike popote ulalapo.

Jana nilimkuta baba anapaka chokaa chumba chako. Nikamwuliza cha nini. "Mwanangu anakuja Idi," akasema, wala hakunitazama.

Dada yako akupendaye, na anayeomba asikuone tena,
Wadha.