Maneno Waliyonibandikia Mdomoni

Buffalo, Jumanne, Machi 2015

Bado nina hasira. Katika filamu yetu ya darasani, isiyo na sauti kama zile za zamani, Kyle, mwenzetu anayeiongoza, alitaka niigize mkimbizi. "Wewe si huongei? Sema chochote, hakuna atakayesikia."

Mbele ya kamera nikamwita dada yangu Neema, aliyebaki kwenye kambi ya wakimbizi. Nilimwita kwa moyo wote.

Leo nimeona walichofanya. Baada ya uso wangu wameweka kadi ya maandishi, eti ndiyo niliyosema: "Nina njaa! Nipeni chakula!" Darasa zima likacheka.

Ijumaa wazazi wanakuja kutazama. Mama ataona mdomo wangu ukilitaja jina la mwanawe, halafu watu wacheke.

Nikamfuata Kyle. "Itoe hiyo kadi."

"Sasa watajuaje unasema nini?"

"Basi wasijue."