Mwaka wa Joka, Mwaka wa Nyoka

Kipungani, Alhamisi, 9 Februari 1905

Kaskazi inavuma tangu alfajiri, na joto halijapungua hata kidogo. Mtoto amelala. Nimeketi karibu na mlango, na moshi wa kuni za mikoko unaingia kutoka uani, anakochemshia mume wangu majongoo yake ya pwani. Mwili bado unauma. Moyo umetulia, na kwa kuwa haujatulia hivi kwa muda mrefu, nataka niandike kabla haujageuka.

Wiki iliyopita nilikuwa mwanamke mwingine.

Nianze na kaka yangu. Filipo ni mwalimu wa misheni huko kwetu, kwenye mto Tana, na ndiye aliyenifundisha kusoma. Alikuja na chombo kutoka Kipini, akashukia Amu, akapanda punda mpaka huku. Alitaka kunichukua nikajifungulie kwa mama. Mimi nilifurahi kumwona. Nilimpikia wali na samaki, akala, akasifu, na mpaka hapo hapakuwa na neno.

Kisha akamwona mume wangu anafagia nyumba nzima, mpaka juu ya boriti, akauliza kuna nini.

Mume wangu ni Mchina. Jina lake Lin, na watu wa hapa humwita Bwana Lini. Akipita na kapu lake huulizwa, "Lini utakwenda kwenu?" naye hujibu, "Lini ni mimi," na utani huo hauwachoshi, wao wala yeye. Alibatizwa kwao akiwa kijana, kabla ya kuja Unguja na kisha huku. Jongoo wa pwani kwao ni chakula cha karamu. Hapa hata paka hamtaki. Kanisa nalo hapa hakuna, basi Jumapili tunasali sisi wawili, yeye kwa lugha yake, mimi kwa Kiswahili, na Amina tunaitikia pamoja.

Alimjibu Filipo bila kuficha. Mwaka wa kwao unakwisha, Jumamosi unaingia mwingine, na nyumba husafishwa ili mwaka usiingie kwenye vumbi. Wao huhesabu miaka kwa wanyama kumi na wawili, kila mwaka na mnyama wake, wakiisha wanaanza upya kwa panya. Unaotoka ni wa joka. Unaoingia ni wa nyoka.

"Joka," Filipo akasema. "Kama lile la Ufunuo?"

"Sijui kama ni lile, shemeji. La kwetu huleta mvua."

"Na wewe ulizaliwa mwaka gani?"

"Mwaka wa joka."

Mimi nilikuwa naosha sahani. Wanyama hao niliwajua kwa mbali, kama mtu anavyojua majina ya shangazi za mumewe asiowahi kuwaona. Alipata kuniambia kuwa mimi ni farasi, nikacheka, maana farasi sijawahi hata kumgusa. Wa kwake sikumuuliza.

Jioni Lin alikwenda pwani, maji yalikuwa yakianza kutoka sana na majongoo yanaonekana. Filipo akafungua kitabu chake, akanisomea habari za mwanamke mwenye utungu, na joka limesimama mbele yake likimngoja azae lipate kumla mtoto. Akashuka chini kidogo ukurasani, mahali ambapo joka na nyoka wa zamani wametajwa pamoja.

"Ukijifungua kabla ya Jumamosi, ni joka," akasema. "Ukijifungua baadaye, ni nyoka. Na hapa yote mawili ni majina ya Shetani. Twende nyumbani, Hanna."

Kisha, kwa sauti ya chini kabisa, akaniuliza, "Samweli alikufa mwaka gani?"

Samweli ni mtoto wetu wa kwanza. Homa ilimchukua mwaka jana baada ya Pasaka, hajaanza kutambaa. Tulimzika hapa hapa Kipungani, na majirani Waislamu walibeba jeneza pamoja na baba yake.

Ulikuwa mwaka wa joka.

Filipo aliuona uso wangu, akafunga kitabu. Nadhani alijuta. Lakini mimi nilianza kufunga nguo zangu usiku ule ule, na mume wangu aliporudi nilijifanya nimelala. Sikutaka kumtazama. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Mtu niliyekula naye sahani moja kwa miaka, nilimwogopa kama mgeni.

Asubuhi alikuja Bi Somoe, jirani yetu, mkunga wa kijiji hiki. Alikaa mlangoni na ukili wake wa mkeka mkononi, akaliona furushi la safari.

"Ndia ya Kipini na tumbo hilo?" akasema. "Utazalia chomboni, mwanangu."

Nikamweleza yote, maana nilihitaji kumweleza mtu. Alisikiliza huku akisuka. Alitaka kuwajua wanyama wote, nikamtajia niliowakumbuka. Nilipofika kwa nguruwe mikono yake ikasimama.

"Mwaka wa nguruwe nao upo? Mwaka huo mimi ntafunga mlango, sitoki." Akasuka tena kidogo. "Mwezi umefichama, Bi Hanna. Sisi twangoja uandame wa Mfungo Tatu, mwezi wa hija, mumeo angoja nyoka wake. Na mwezi ni huo huo mmoja."

Hakuniambia niende wala nikae.

Nilimfuata mume wangu uani mchana. Alikuwa akiyapanga majongoo juani juu ya mkeka mkuukuu. Nilisimama nyuma yake nikamuuliza kwa nini hakuniambia kuwa yeye ni wa mwaka huu.

Alipogeuka alipandisha shati lake. Chini yake amejifunga mshipi mwekundu wa kitambaa. Nilikuwa nimeuona mara nyingi, nikidhani ni wa kushikia suruali.

Akaniambia kwao wazee husema mwaka wako ukikurudia huwa mzito, na mtu hujifunga nyekundu ili apite salama. Akasema alijua si kweli. Alijifunza kanisani kwao kwamba si kweli, na mchungaji wa huko aliwakataza.

"Nilijua si kweli, nikauvaa," akasema. "Nikauvaa tangu siku ya kwanza ya mwaka. Kisha Samweli akafa. Nikawaza, mshipi umenilinda mimi, na mtoto nimemwacha wazi."

Alikuwa hajamwambia mtu yeyote. Hata katika sala, alisema, hakuthubutu kulitaja.

Karibu mwaka mzima tulilala kitanda kimoja, kila mmoja akiamini peke yake kwamba kuna kosa, na jana yake tu mimi nilikuwa nimeamua kosa hilo ni yeye. Yeye alikuwa ameamua hivyo zamani.

Nilikaa chini mchangani, nikashindwa kuinuka kwa sababu ya tumbo, akacheka, akakaa na yeye. Tulikaa mpaka kivuli cha ukuta kikatufikia. Nilimuuliza kwa nini basi wahesabu kwa wanyama, kama si kuwaabudu. Akaniuliza sisi wa Tana twahesabu kwa nini. Nikamwambia kwa mafuriko, na njaa, na mwaka wa nzige.

"Mnaabudu njaa?" akauliza.

Kisha akaufungua mshipi ule, mwaka wake haujaisha bado, akautia motoni chini ya sufuria. Sikumwomba afanye hivyo. Ulitoa moshi mdogo tu.

Baadaye nilikichukua kitabu cha Filipo nikaisoma sura ile mwenyewe, mpaka mwisho. Filipo alikuwa ameniachia njiani. Joka halikumla mtoto. Mtoto alinyakuliwa, akawa salama, na mama akakimbilia mahali alipotengenezewa. Nyoka akatoa maji kinywani kama mto ili amchukue yule mwanamke, na nchi ikafungua kinywa chake, ikayanywa maji yote. Nchi ilimsaidia mwanamke.

Nimezaliwa kando ya mto. Nimeona maji yakija na miti na mbuzi waliokufa, na nimeona nchi inavyoyanywa, na mpunga unavyopandwa pale pale yalipopita. Nilisoma mahali hapo mara nyingi. Sidhani kama niliwahi kusomewa na mtu yeyote, maana ningekumbuka.

Nikamwambia Filipo siendi.

Alikasirika. Alitembea mpaka ufukweni akarudi. Akasema atamwambiaje mama. Lakini hakuondoka. Chombo kiliondoka Amu bila yeye, akabaki, akawa analala barazani, na kila asubuhi alikunja mkeka wake vizuri kama mtu aliye safarini bado.

Jumamosi uchungu ulianza kulipokucha. Bi Somoe alikuja na wanawake wengine wawili, akawapeleka wanaume uani. Nyumba yetu upande ule ina kiambaza cha makuti, na kila neno la uani huingia ndani. Kwa muda mrefu nilisikia tu mtu anapasua kuni, na nyingi zaidi ya zilizohitajika.

Uchungu ulipopanda nikasikia sauti ya kaka yangu, kavu, sauti ya mtu anayetafuta la kusema.

"Na mimi, shemeji? Mimi ningekuwa mnyama gani?"

Lin akamuuliza alizaliwa lini. Filipo akataja mafuriko fulani yaliyochukua mashamba ya babu, na mama yetu husema mwaka uliofuata ndipo alipozaliwa. Wakahesabu wote wawili, wakibishana kidogo.

"Mbuzi," Lin akasema.

"Mbuzi?"

"Au kondoo. Kwetu neno ni moja."

Sijui kama nitaweza kueleza. Filipo amehubiri habari za kondoo na mbuzi tangu nilipokuwa mtoto. Kondoo wanaobarikiwa mkono wa kuume, mbuzi wanaolaaniwa mkono wa kushoto. Nilisinzia na kuamka kwenye hotuba hiyo. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Neno moja? Basi mtajuaje nani aende upande gani?"

"Sisi hatujui," Lin akasema. "Anajua mchungaji."

Nilicheka. Katikati ya uchungu ule nilicheka mpaka Bi Somoe akanishika mabega akaniambia nitunze nguvu zangu, hapa si ngomani. Kule nje hakuna aliyecheka. Lakini nilisikia shoka limewekwa chini, na baada ya muda nikasikia sauti ya kaka yangu anaomba, na hakuwa anaomba kwa ajili yangu tu. Alimtaja Lin kwa jina lake. Alikuwa hajawahi.

Mtoto alizaliwa adhuhuri. Ni msichana. Bi Somoe alimfuta, akamtazama vidole na macho, akasema ana mato ya babake. Akampeleka mlangoni baba yake amwone, kwa sababu Lin hakuweza kungoja tena.

Filipo aliingia mwisho. Alimpokea kama mtu anayepokea chungu cha moto. Alimwita Lidia, jina tulilokubaliana na mama zamani, akamwombea. Mwaka hakuutaja, na mimi sikumkumbusha. Wala sikumwambia kwamba kwao Lin nyoka humwita joka dogo, na kwamba baba anarudia jina hilo sikioni mwa binti yake kila anapompakata. Nikilisikia nashtuka kidogo bado. Kisha namwona anavyomshika.

Kwa siku hizi za kulala nimewawaza sana wanyama wale. Shetani amefananishwa na simba angurumaye, na Bwana wetu naye ameitwa Simba. Nyoka alimdanganya Hawa. Nyoka wa shaba aliinuliwa jangwani, na waliomtazama wakapona. Jogoo alimliza Petro, na bila kilio kile sijui Petro angekuwa nani. Mwenyezi Mungu aliwaumba, akawatumia apendavyo, na hatukupewa sisi kumfungia yeyote upande mmoja. Nafikiri hivyo leo. Sina elimu ya Filipo, na labda mtu mwenye elimu atanionyesha nilipokosea.

Filipo aliondoka jana. Alisimama mlangoni na furushi lake, akasema, "Mambo ya miaka sijayakubali, Hanna."

Nikamwambia najua.

"Lakini mvua zikipita mlete mtoni abatizwe. Nitasimama naye mimi." Akamgeukia mume wangu, akampa mkono. "Njooni wote, shemeji. Mama hajakuona."

Lin alimsindikiza mpaka njia ya Amu, na alikaa huko muda mrefu kuliko safari inavyotaka. Aliporudi sikumuuliza walizungumza nini.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Ningependa kuandika kwamba hofu imekwisha. Haikwisha, imebadilika tu. Joka siliogopi tena, wala nyoka. Naogopa homa, kama wanawake wote wa kijiji hiki, na kila usiku tangu Jumamosi nimelala na kiganja changu juu ya kifua cha mtoto, nikisikiliza kinavyopanda na kushuka. Asubuhi mkono umekufa ganzi.

Leo nitalala nikiwa nimeuondoa. Nitajaribu.