Kanda Iliyozimwa Kabla Sijaamka

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi Pongwe, Tanga
Tarehe: 30/8/1994. Muda wa kuanza: saa 3:10 asubuhi
Jina: Zebedayo Shemhilu
Umri: Miaka 54
Kabila: Msambaa. Dini: Mkristo, Mlutheri
Kazi: Msaidizi wa seremala. Zamani mkata mkonge
Makazi: Pongwe, kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi wa shamba la mkonge

Mimi niliyetajwa hapo juu niko hai. Naomba hilo liandikwe kwanza, kabla ya lolote, kwa kuwa huko kwetu Kwembuzi Juu, wilaya ya Lushoto, nimekwisha kuliliwa, kuimbiwa na kunywewa chai ya matanga. Nasema haya nikiwa na akili timamu na hasira timamu. Afande ameniambia nipunguze sauti nami nimepunguza.

Shamba la mkonge lilipotupunguza kazini mwaka 1992, nilikaa miezi minane bila kazi. Kisha nikapokelewa na fundi Uweso, mwenye karakana ya useremala mtaa wa Mabawa, mjini Tanga. Yeye ni Mwislamu, kwao mtu huzikwa kwa sanda, lakini masanduku ya maiti anayotengeneza kwa ajili yetu Wakristo hayana mpinzani hapa Tanga. Mimi hupiga msasa na vanishi. Ni mtu mwema na sina shitaka juu yake.

Siku hizi kila mwenye randa anatengeneza masanduku, maana misiba imekuwa mingi kuliko harusi. Wateja wa Uweso wakapungua. Mwezi wa saba mwaka huu akapata wazo la kutengeneza video ya kutangaza kazi yake, ionyeshwe dukani na nakala zipelekwe milimani, kwenye Wakristo wengi. Akamwita Mselem wa Raskazone, mpiga picha za video wa harusi, ambaye kamera yake aliletewa na shemeji yake kutoka Maskati.

Mnamo tarehe 16/7/1994, siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, Mselem alifika karakana na kamera. Alipiga picha za mbao, vishikio na kitambaa cha ndani. Kisha akasema sanduku tupu halimuuzii mtu kitu, lazima alale mtu. Uweso hawezi, wateja wangemcheka. Wote wakanitazama mimi.

Mke wangu Ruthi alikuwa ameniletea chakula. Alisema kifo hakifanyiwi mzaha, akaondoka hata bakuli asichukue. Mimi nilimwona mshamba. Nilijiambia kwetu watani huingia kaburini wakalala na wasife, sembuse mimi kulala karakana mchana kweupe. Isitoshe, Afande, nilipenda. Mtu ambaye miaka ishirini na sita amekata mkonge bila kutazamwa na mtu ila nyapara, akiambiwa atatazamwa na watu wengi, hupenda. Hilo nalisema ili lisije kusemwa na mwingine.

Nikavishwa suti ya Mselem na glavu nyeupe. Mselem akataka nitiwe pamba puani ili ionekane kweli. Ikabidi nipumulie mdomo, nao niliambiwa niuache wazi kidogo tu. Semeni, mke wa Uweso, na majirani zake wawili wakasimama wakalia. Walilia vizuri mno. Baada ya kilio, kama tulivyopanga, nikatoa pamba, nikaketi sandukuni, nikasema: "Jamani, msinisumbue. Kwa sanduku hili la fundi Uweso, hata kuamka sitaki." Watu wote wakacheka, na kicheko hicho kimo kwenye kanda. Naomba Afande akumbuke kwamba kanda ina mwisho, na mwisho wake ni mimi nimeketi nasema.

Mnamo tarehe 9/8/1994, Jumanne, alikuja kwangu mdogo wangu wa tumbo moja, Eliudi Shemhilu, umri miaka 41, mkazi wa Kwembuzi Juu. Alilala kwangu siku tatu. Alikula ugali wa Ruthi, samaki tukampa yeye kichwa. Jambo lililomleta lilikuwa lilelile la mwaka jana. Baba yetu alituachia shamba la iliki na miti, lenye kaburi lake ndani, akaagiza mbele ya mchungaji kwamba lisiuzwe ila sisi wawili na mama tukubaliane. Sasa biashara imefunguliwa na wanunuzi wa mbao wanapanda milimani na malori. Mmoja amelitaka shamba lote. Eliudi akanisihi niweke sahihi. Nikamwambia siuzi kaburi la baba, na siku nitakapochoka hapa mjini sina pa kurudi ila pale. Hakubisha. Nikadhani ameelewa.

Jioni ya tarehe 11/8/1994 nilimpeleka dukani kwa Uweso kumwonyesha video. Alicheka hadi akashika mbavu. Akasema kijijini hakuna aliyewahi kuona kitu kama kile, nimpe nakala akamtafutie Uweso wateja. Nilimpa kanda kwa mkono wangu huu wa kulia. Nilimwagiza amwonyeshe na mama, afurahi. Akaondoka kesho yake asubuhi na basi la saa kumi na mbili.

Yaliyofuata sikuyaona. Nayasema kama nilivyoambiwa na Godlisten, kijana wa Soni mwenye deki, televisheni na jenereta ya kukodisha, ambaye yuko hapa nje kwenye benchi naye atatoa maelezo yake.

Godlisten aliniambia kwamba Eliudi alifika kijijini Ijumaa hiyo amejifunga kitambaa cheusi mkononi. Akatangaza kwamba nimekufa ghafla kwa presha Jumatano, na kwamba nimezikwa Alhamisi hapahapa Pongwe kwa sababu joto la Tanga halimngojei maiti. Akasema yeye mwenyewe amenizika, na kwa kuwa mama hakuweza kufika, wenzangu wa kazini wamerekodi mazishi ili naye aniage.

Jumapili tarehe 14/8/1994, saa kumi alasiri, baada ya ibada, Godlisten alikodiwa kuonyesha kanda nyumbani kwa mama. Madirisha yalizibwa kwa blanketi. Eliudi ndiye aliyeishika rimoti. Alikuwa amekwisha kuisogeza kanda mbele, wasione jina la karakana wala mbao. Sauti aliizima, akasema imeharibika, akaomba kwaya iimbe. Kwaya ikaimba. Watani wetu Wazigua walikuwepo, na mmoja wao alivaa koti langu la zamani na kutembea kama mimi, na watu wakalia na kucheka kama ilivyo kwenye msiba. Kanda ilipofika mahali ninapotaka kuinua mkono kutoa pamba, Eliudi akazima. Akasema yanayofuata ni ya kushusha kaburini na mama hatayaweza.

Mnamo tarehe 16/8/1994, siku ya tano ya matanga hayo ya uongo, mama aliweka dole gumba kwenye karatasi ya kuuza shamba. Tarehe 17 lori la kwanza lilipanda. Mama alikataa chakula. Alikuwa akisema mzazi hatanguliwi na mwanawe, na kwamba zamu yake nimeichukua mimi ilhali yeye bado yupo. Tarehe 23/8/1994 alifariki, na tarehe 24 akazikwa kando ya baba, kwenye shamba ambalo si letu tena. Alikuwa na umri wa miaka themanini na kitu. Mimi siku hiyo nilikuwa Mabawa napiga msasa sanduku la mtu mwingine.

Kanda ilisahaulika ndani ya deki ya Godlisten. Deki haikukodiwa tena mpaka mama alipokwisha kuzikwa, ndipo akaicheza kwake Soni ili airudishe nyuma, na yeye hakuizima sauti. Akaniona naketi. Akanisikia nasema. Akamsikia Semeni akicheka.

Mnamo tarehe 27/8/1994, Jumamosi, saa tano asubuhi, kijana alisimama mlangoni kwa Uweso, mbali kidogo, ameshika mfuko wa plastiki. Hakuingia. Alisema, "Shikamoo, mzee Zebedayo," akangoja. Nikamwitikia marahaba. Akakaa chini palepale kwenye maranda ya mbao, akaomba maji. Nilidhani ni mteja mwenye msiba. Kumbe msiba alikuwa ameniletea mimi.

Tarehe 28/8/1994 nilipanda naye Lushoto. Tulifika Kwembuzi Juu saa nane mchana. Wanawake waliokuwa kisimani walitupa ndoo. Mtani aliyevaa koti langu alilivua akalitundika kwenye ua wa watu, akaenda zake bila kusema, na yeye ni mtu ambaye hajawahi kunyamaza mbele yangu. Shambani miti upande wa juu imekwisha. Makaburi yamebaki juani, la baba lina nyasi na la mama lina udongo mwekundu na msalaba wenye jina lake. Upande wa chini lipo kaburi dogo lisilo na mtu, wameweka mawe na jina langu. Niliyatoa mawe yale moja moja kwa mikono. Hakuna aliyenisaidia, na sikutaka anisaidie.

Eliudi nilimkuta nyumbani kwa mama akifungua mlango mpya wa mbao. Hakukimbia. Nilimuuliza kwa nini. Alinijibu mbele ya Godlisten na mbele ya mzee mmoja wa kanisa: "Kaka, ulilala mwenyewe. Mimi sikukulaza."

Nilimpiga kofi moja. Hilo nalo liandikwe, mimi siyo mtu wa kuficha. Kama ni kosa nitalijibu.

Afande ameniuliza kwa nini nimekuja Pongwe na siyo Lushoto. Nimekuja hapa kwa sababu hapa ndipo ninapodaiwa kuzikwa. Nendeni makaburini, ulizeni kama nimo. Ameeleza kwamba jalada litapelekwa Lushoto, nami nimekubali, mradi lisiende kwa mwendo wa kinyonga. Huku tukiandikiana, miti inaangushwa. Baba alikataza shamba lisiuzwe bila mimi, na mimi nipo. Nataka lirudi na nataka lori lile lisimame.

Kuna jambo moja nimeliacha la mwisho kwa sababu tangu Jumamosi silali kwa ajili yake. Godlisten aliniambia kwamba siku ile ya tarehe 14, mama alisogezwa karibu kabisa na televisheni kwa kuwa macho yake yalikuwa mabovu. Hakuwahi kuona video maishani mwake. Kwaya ikiimba, mama alishika kioo kwa kiganja, pale kwenye kifua changu, akakaa hivyo muda. Kisha akasema kwa Kishambaa, kwa sauti ya kawaida, kwamba huyu anapumua. Eliudi akamwambia, "Mama, hii ni video. Video hutikisika." Wanawake wakamtoa mama mkono kwenye kioo, wakamwambia alie tu, ni uchungu. Akarudia kwamba mwanawe anapumua. Wakamtoa nje apate hewa.

Nyumba ile ilikuwa na watu kama hamsini, mwalimu, mzee wa kanisa na kwaya nzima, wote wana macho mazima, na aliyeona ni yeye. Wakamwambia hakuona. Siku mbili baadaye wakamkamata kidole wakakipaka wino.

Nataka iandikwe na serikali kwamba mama yangu hakukosea. Nataka kanda ichezwe mpaka mwisho, na sauti yake, nyumba ileile, mbele ya watu walewale, na Eliudi akiwa ameketi mbele kabisa.

Nimesomewa yote niliyoyasema, ni yangu na nimeyaridhia. Afande alinishauri niliondoe neno "muuaji" nililolisema mwanzoni juu ya mdogo wangu, na kule mwanzoni nimeliondoa. Nalisema hapa mwisho.

Sahihi: Z. Shemhilu

Maelezo ya mwandishi: Maelezo haya nimeyaandika mimi, D/Koplo Maulid, na nimemsomea shahidi kwa lugha ya Kiswahili anayoielewa. Yamekwisha saa 5:25 asubuhi. Nathibitisha kwamba aliyeyatoa yu hai. Kanda moja ya video imepokelewa kutoka kwa Godlisten na kuwekewa alama kielelezo A. Nimeitazama saa 6:00 mchana kwa deki ya kuazima, sauti ikiwa imezimwa, kama ilivyoonyeshwa kijijini. Kifua cha mtu aliyelala sandukuni kinapanda na kushuka. Kinaonekana wazi.